FUNDI WA NYUMBANI: Kompyuta imenyamaza baada ya radi



Mwezi huu tuzungumze juu ya kompyuta iliyonyamaza baada ya mvua ya radi. Usiseme kwamba jambo hili ni la watu wa mjini. Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulianza kazi mwaka 2007. Tangu hapo nguzo za umeme zimefika vijiji vingi. Nguzo zikifika, vitu hufuata. Kwanza taa, halafu redio na televisheni, halafu jokofu la dukani. Sasa kompyuta zimo katika shule, katika vyama vya msingi vya wakulima, katika vikundi vya kuweka na kukopa, na katika nyumba za watu. Lakini nguzo hizo hizo zinazotuletea umeme huipa na radi njia ya kuingia ndani.

Nitakueleza kwa kisa nilichokiona mwenyewe.

Asubuhi moja ya mwezi wa Novemba nilikuwa Magogoni, hapa Dar es Salaam, pale pantoni ya Kigamboni inapofunga gati. Watu walikuwa wakiteremka kwa wingi. Kati yao nilimwona mama mmoja niliyewahi kuishi naye jirani. Alikuwa na sanduku kubwa kichwani, limefungwa kwa khanga. Nikampokea mzigo.

"Shikamoo, mama. Mzigo gani huu mzito hivi?"

"Marahaba, mwanangu. Ni kompyuta ya kikundi. Imepigwa na radi juzi usiku. Naipeleka Kariakoo."

Mama huyu anaishi ng'ambo, upande wa Kimbiji. Ni katibu wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Hesabu zote za mwaka zilikuwa ndani ya kompyuta ile: nani ameweka hisa ngapi, nani amekopa, nani amerudisha. Zamani waliandika katika daftari. Walipopata kompyuta, daftari likaachwa. Na mwezi wa Desemba ndio mwezi wao wa kugawana fedha. Unaona mwenyewe jinsi mama alivyokuwa na wasiwasi. Bila hesabu zile, kila mwanachama angesema lake.

Nikamwuliza, "Radi ilipopiga, kompyuta ilikuwa inafanya kazi?"

"La. Nilikuwa nimeizima tangu jioni."

"Na waya wake? Uliuchomoa ukutani?"

Akanyamaza. Hakuuchomoa.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunadhani kitu kilichozimwa kiko salama. Hebu fikiri. Ndani ya swichi kuna nafasi ndogo tu, ya milimita chache, inayotenganisha umeme na mashine. Radi imetoka mawinguni, imepita katika hewa kilomita nzima au zaidi. Je, itashindwa kuruka milimita chache za swichi? Haishindwi. Kinachosaidia ni kuchomoa plagi na kuiweka mbali na soketi.

Tena radi si lazima ipige nyumba yako. Inaweza kupiga nguzo iliyo mbali, au kupiga ardhi karibu na waya. Nguvu yake husafiri katika waya mpaka majumbani. Umeme wetu wa nyumbani ni wa volti 230. Kompyuta imetengenezwa kwa kiasi hicho, na huvumilia kidogo chini au juu yake. Radi ikigusa waya, volti hupanda mara moja hadi maelfu, kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho. Muda huo unatosha kuunguza kifaa.

Basi, asubuhi baada ya mvua umebonyeza kitufe na kompyuta imenyamaza. Ufanye nini?

Kwanza usiwe na haraka. Hakikisha ngurumo zimekwisha kabisa. Halafu itazame nyumba kabla ya kuitazama kompyuta. Je, taa zinawaka? Pengine umeme wenyewe haupo. Pengine mita ya LUKU imeishiwa uniti, au swichi ya kujikata iliyo ndani ya boksi la umeme imejikata. Nimewahi kumwona mzee aliyepanda gari na televisheni yake mpaka mjini, kumbe swichi ile ilikuwa imeanguka tu.

Zitazame pia taa kwa makini. Kama zinawaka kwa ukali kuliko kawaida, au zingine kali na zingine hafifu, zima swichi kuu ya nyumba mara moja. Huenda upepo umekata waya mmoja nje, ule uitwao nyutro. Waya huo ukikatika, volti za nyumbani zinaweza kupanda kuelekea 400. Usiwashe kitu chochote. Toa taarifa TANESCO. Na kama umeona waya umelala chini, usiusogelee, na watoto wasiusogelee, hata kama unadhani umeme umekatika.

Nyumba ikiwa salama, ijaribu soketi. Chomeka kitu kingine unachojua ni kizima, kama taa ya mezani. Taa ikiwaka, soketi ni nzima. Kama ulikuwa unatumia waya wa kurefusha, ule wenye matundu mengi, uweke kando. Chomeka kompyuta moja kwa moja ukutani. Mara nyingi waya ule ndio uliokufa, na wewe unailaumu kompyuta.

Bado imenyamaza? Itazame plagi yake. Plagi zetu zenye pini tatu za bapa huwa na fyuzi ndani. Fyuzi ni kipande kidogo chenye waya mwembamba, kilichowekwa ili kiungue badala ya mashine. Chomoa plagi kabla ya kuifungua. Soma namba iliyoandikwa juu ya fyuzi, na uweke nyingine yenye namba ile ile. Usifunge waya mtupu wala karatasi ya sigara mahali pa fyuzi. Ukifanya hivyo umeondoa mlinzi. Safari nyingine itaungua mashine, au nyumba.

Kuna njia nyingine rahisi. Waya wa umeme wa kompyuta ya mezani mara nyingi ni sawa na waya wa skrini yake. Kama skrini inawaka, chukua waya wake uchomeke kwenye kompyuta. Kompyuta ikiwaka, basi waya wake wa kwanza ndio mbovu. Umemaliza kazi bila senti moja.

Kisha jaribu jambo hili. Chomoa waya wa umeme kabisa. Chomoa na nyaya zingine zote nyuma. Bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa nusu dakika. Iache mashine ipumzike dakika kumi, halafu chomeka umeme tu na ujaribu tena. Sababu ni kwamba baadhi ya mashine hujifunga zenyewe zinapopata mshtuko. Umeme uliobaki ndani ukiisha, hufunguka. Haifanikiwi kila siku, lakini haina gharama.

Kama yako ni kompyuta mpakato, ile inayofungwa kama kitabu, chomoa chaja na ujaribu kuiwasha kwa betri peke yake. Ikiwaka, shukuru. Chaja yake imekufa ikiilinda. Chaja ile hupokea volti 230 na kuzipunguza hadi kiasi cha volti 19, na ndiyo inayokutana na mshtuko kwanza. Unapotafuta nyingine, chukua ya zamani uende nayo dukani. Volti zilizoandikwa juu yake lazima ziwe zile zile. Amperi zisipungue.

Ukinusa harufu ya kuungua, au ukaona moshi, acha majaribio yote. Chomoa. Hapo ni kazi ya fundi. Na kuna kisanduku kimoja ndani ya kompyuta ya mezani ambacho usikifungue kamwe, hata kama wewe ni hodari wa redio. Ni kile waya wa umeme unapoingilia. Mafundi hukiita pawa saplai. Ndani yake kuna vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme hata baada ya kuchomoa, na vinaweza kukupiga vibaya.

Mama wa Kimbiji alikuwa amejaribu soketi na waya. Kijana wake alikuwa amebadili fyuzi. Kwa hiyo tukapanda daladala kwenda Kariakoo.

Msomaji ambaye hujafika Kariakoo, nikwambie kidogo. Jina lenyewe lilitokana na maneno ya Kiingereza, Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kambi yao ilikuwa pale. Siku hizi ni soko ambalo watu huja kununua kutoka mikoa yote, na hata nchi jirani. Katika mitaa yake utakuta mafundi wa simu na kompyuta wamekaa bega kwa bega, kila mmoja na meza yake, bisibisi zake na taa yake. Wako mafundi wazuri sana pale. Wako na wengine.

Fundi wa kwanza hakulifungua sanduku. Alibonyeza kitufe mara mbili, akatikisa kichwa.

"Mama, hii imekufa. Radi ikipiga, madabodi huungua yote. Hakuna dawa. Nikuuzie nyingine, na hii niachie nitakupunguzia bei."

Mama akanitazama. Nilimwona anataka kukubali. Simlaumu. Watu wa umri wetu hatukukua na mashine hizi. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hiyo ilikuja kuondolewa miaka ya 1990. Tulizikuta tukiwa watu wazima. Kwa hiyo mtu mwenye bisibisi mkononi akisema imekufa, tunavua kofia na kuzika.

Lakini fikiri, ndugu msomaji. Kompyuta si kitu kimoja kama nazi. Ni vipande vingi vilivyounganishwa. Kuna pawa saplai inayopokea umeme. Kuna madabodi, yaani ubao mkuu unaounganisha vipande vyote. Kuna rami, ambayo ni kumbukumbu ya muda. Na kuna diski, ambayo ni ghala. Hesabu za kikundi, barua, picha za harusi, vyote vimo katika diski. Umeme wa radi huingia kwa pawa saplai, na mara nyingi huishia pale pale. Pawa saplai inaweza kuungua na diski ikabaki nzima kabisa. Hata ubao mkuu ukiungua, diski inaweza kutolewa na kusomwa katika kompyuta nyingine.

Sasa utaona ubaya wa kumwachia fundi mashine nzima "iliyokufa". Unakuwa umemwachia ghala likiwa na mahindi ndani. Mama alikuwa karibu kuacha hesabu za wanachama wake juu ya meza ya mtu asiyemjua, kisha arudi nyumbani na mashine mpya isiyo na kitu.

Nikamwambia, "Mama, hebu tuombe maoni ya pili."

Meza ya nne tulimkuta kijana mwingine, mpole. Yeye aliuliza maswali kabla ya kushika bisibisi. Radi ilipiga saa ngapi? Kulikuwa na harufu? Vitu gani vingine viliharibika nyumbani? Nilipoyasikia maswali hayo nikatulia. Daktari anayeuliza kabla ya kuchoma sindano ndiye ninayemtaka.

Alilifungua sanduku mbele yetu. Akatazama ubao mkuu kwa tochi, akitafuta weusi wa kuungua na vikopo vilivyovimba. Havikuwapo. Akachomoa pawa saplai ya mama, akachomeka nyingine ya kwake ya kujaribia. Akabonyeza kitufe. Feni ikazunguka. Baada ya kitambo kidogo skrini ikawaka, na mama akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti iliyowageuza watu wa meza za jirani.

Kipande hicho kimoja ndicho kilichokufa. Mama alinunua kingine kilichotumika kwa shilingi 35,000, pamoja na kazi. Fundi alikagua pia nyuma ya kipande kile, kwa kuwa baadhi yao wana swichi ndogo ya kuchagua volti. Hapa kwetu lazima isome 230. Ikisoma 115, utakiunguza kipya siku ile ile.

Jambo moja dogo lilibaki. Kompyuta ilionyesha tarehe ya miaka mingi iliyopita. Mama alishtuka, akadhani radi imeharibu hesabu. Siyo. Katika ubao mkuu kuna betri ndogo ya duara, kama sarafu, ya volti 3. Inatunza saa na tarehe mashine inapokosa umeme. Yake ilikuwa imezeeka. Ikabadilishwa, tarehe ikasahihishwa. Usipuuze jambo hili kama unaandika mikopo, maana mkopo wa leo ukiandikwa kwa tarehe ya zamani utaleta ugomvi.

Tukiwa bado pale, kijana aliyekaa kando akasema, "Mama, ilivyo nzito hivi tukupigie Windows upya, itakuwa nyepesi."

Msomaji, maneno hayo yakumbuke. Kupiga Windows upya maana yake, mara nyingi, ni kufuta vyote vilivyomo na kuanza upya. Mama akauliza swali zuri. "Na hesabu zetu zitabaki?" Kijana akakuna kichwa.

Yule fundi mpole akamzuia. Alinakili hesabu zote katika flashi mbili. Moja mama akaitia katika mkoba. Ya pili akasema atampa mwenyekiti aiweke kwake. Na wiki ile ile, aliporudi ng'ambo, alilinunua daftari tena. Sasa kila mkutano ukiisha huandika jumla ya kila mwanachama kwa kalamu. Radi haisomi daftari.

Nirudi kwenye kinga.

Ukiona wingu jeusi linajikusanya, chomoa mapema. Usingoje ngurumo ifike juu ya paa, maana kushika nyaya wakati huo ni hatari kwako mwenyewe. Kuna namna ya kujua radi iko umbali gani. Ukiona mwanga, anza kuhesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde moja. Kwa hiyo kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ukihesabu sekunde 30, radi iko kilomita kumi, na hapo tayari inaweza kukufikia. Ingia ndani ya nyumba, ondoka chini ya mti, na ukae ndani mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Chomoa waya wa umeme, lakini usiishie hapo. Radi ina milango mingine. Waya wa antena au wa dishi hushuka kutoka juu ya paa mpaka kwenye kisimbuzi na televisheni. Kama umeunganisha kompyuta na televisheni hiyo, basi umeipa radi daraja. Waya wa intaneti unaotoka nje kwenda kwenye ruta ni mlango pia. Ndiyo maana kompyuta nyingine huwaka vizuri baada ya radi lakini haipati tena intaneti kwa waya. Tundu lile tu ndilo lililoungua. Mafundi huuza kifaa kidogo cha kuchomeka pembeni kinachofanya kazi ile ile.

Umeme ukikatika wakati wa dhoruba, acha kila kitu kikiwa kimechomolewa. Unaporudi huweza kuja kwa nguvu isiyo sawa. Ngoja dakika kadhaa uone taa zimetulia.

Dukani watakuuzia vifaa vya kuzuia mshtuko wa umeme. Vinasaidia kwa mishtuko midogo, na ni vizuri kuwa navyo. Lakini usidanganyike kwamba kila waya wenye matundu mengi na taa nyekundu ni kinga. Mwingi ni waya tu. Na hakuna kifaa cha mezani kinachoizuia radi iliyopiga nyumba yenyewe.

Mwisho kuna waya wa ardhi. Fundi aliyeweka umeme nyumbani alizika fimbo ya chuma au ya shaba nje, na waya ukaingia nao ndani. Waya huu huupeleka ardhini umeme uliopotea njia. Nenda ukautazame leo. Nyumba nyingi utakuta umekatika kwa jembe, au umeibwa ukauzwa kama chuma chakavu. Ukiwa haupo, pini ya tatu ya plagi yako ni pambo. Mwite fundi wa umeme mwenye leseni aurudishe.

Wako wanaosema radi hutumwa na mtu mwenye chuki. Nimesikia hata mtu akimshuku jirani kwa sababu ya televisheni. Radi hupenda vitu virefu, kama mnazi, mnara na nguzo. Haina habari na ugomvi wa mipaka ya shamba.

Na simu? Wengi huniuliza kama simu huita radi. Simu iliyo mfukoni haiiti radi. Simu iliyo kwenye chaja ni jambo jingine, maana imeungwa na waya wa ukutani, nawe umeiweka sikioni. Wakati wa ngurumo ichomoe, kisha zungumza upendavyo. Mama wa Kimbiji alinipigia usiku mmoja wa mvua mwezi wa Desemba. Alitaka kunieleza kwamba wamegawana, hesabu zimekubali hadi shilingi ya mwisho. Ngurumo zilisikika nyuma yake. Kabla sijauliza, akasema, "Nimechomoa, mwanangu. Zote."